Weupe wa Bakuli la Twaibu

3 Oktoba, Ijumaa

Imamu Youssouf ameniagiza mimi, mwalimu Rachida, niandike yote nitakayoona na kusikia kuhusu bakuli, tangu leo mpaka majibu ya uchunguzi yatakapopatikana, kisha nisimame katika uwanja wa msikiti wetu hapa Mikelenge niyasome mbele ya jamaa wote. Sharti lake ni moja: nisiongeze wala nisipunguze. Nami nimeweka langu: nitakayoandika juu yenu mtayasikia jinsi yalivyo. Basi, jamaa zangu mtakaosikiliza, naanza.

Wakubwa wanaijua habari hii, nawaeleza vijana. Bakuli hili lilifika Kindu pamoja na mababu waliofuata misafara ya pwani. Ni jeupe kama maziwa, lina maua ya buluu, na kwa vizazi lilikuwa bakuli la kombe la msikiti: aya iliandikwa ndani yake kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji na matone ya ndimu, mgonjwa akanywa. Mlinzi wake wa mwisho alikuwa baba yangu, Twaibu, fundi cherehani. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa na askari wakawa wanaingia nyumba kwa nyumba, baba alilifukia chini ya mafiga ya jiko letu, ndani ya majivu. Askari wakahamia uani kwetu, wakapikia juu yake msimu mzima bila kujua.

Vita vilipotulia alilitoa, nalo lilikuwa limebadilika. Lilikuwa limefifia, limeota ukungu kama chokaa. Mama Mwanvua, shangazi wa nusu ya mtaa huu, alikuwa na kipande kilichobanduka mdomoni mwa bakuli zamani; mama yake alikishonea ndani ya hirizi. Alikitoa, akakipachika pale palipobanduka. Hakikukaa. Baba alisema mdomo ulisagwa kwa jiwe na bibi yake ili usikate midomo ya watu. Hakuna aliyesikiliza. Mama Mwanvua akasema maneno mawili ambayo yamekaa nyumbani kwetu muda mrefu kuliko samani yoyote: "Haiko ile." Yaani hili silo; lile lenyewe ameliuza.

Tangu siku hiyo baba aliitwa Twaibu Muuza Bakuli, mpaka tulipomzika.

Msikiti ukatafuta sahani nyingine, bakuli likabaki kwetu. Mama yangu akaweka sheria: kila Ijumaa baada ya swala, mlango wa uani ukiwa wazi ili wapitao waone, sisi sote tunywe kombe humo. Asiyeliamini bakuli lake, alisema, hawezi kunywea aya za Mungu ndani yake. Mama amefariki, sheria ipo. Leo binti yangu Malaika amekunywa, akakunja uso kwa ajili ya ndimu kama kawaida yake.

5 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Treni ya kutoka kusini inasemekana imelala njiani.

8 Oktoba

Treni imefika, na Madamu Josiane akashuka akiwa na sanduku la chuma ambalo hakumruhusu mchukuzi yeyote aliguse. Ni mtafiti wa vyombo vya kale, wa Lubumbashi. Imamu ndiye aliyemwita.

Amepanga chumba nyuma ya duka la Constantin. Nyote mnamjua Constantin wa Butembo: anauza saruji na chumvi mbele, na nyuma ananunua kasiterite, yale mawe ya bati yanayoshuka kutoka machimboni. Nimejiuliza kwa nini mtu aliyekuja kwa ajili ya bakuli la msikiti alale kwa mnunuzi wa mawe. Nimemuuliza Imamu. Amesema chumba kile kina paa lisilovuja. Sikuridhika.

9 Oktoba

Leo sanduku limefunguliwa uani kwetu, mbele ya Imamu, Mama Mwanvua na watu wengi kuliko niliowaalika. Kilichotoka ndani kina umbo la bastola. Walio mbele wakarudi nyuma. Mji huu una kumbukumbu zake.

"Ile kitu naijua," akasema Mama Mwanvua. "Wale wa kununua mawe njo wako nayo. Unaelekeza kwa jiwe, inakuambia bei."

"Ni kweli, Mama," Madamu Josiane akajibu kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi. "Ni ileile. Lakini haisemake bei. Inasema tu nini iko ndani."

"Na bei unaweka wewe."

Watu wakacheka. Madamu Josiane naye akacheka, na hilo likanifanya nimwangalie kwa makini zaidi. Akaelekeza chombo kwenye bakuli, akangoja, akasoma: bati, na madini ya risasi, yale ambayo wenyewe wanayaita plombu. Plombu nyingi.

"Unasikia, Mama Rachida?" Constantin akasema kutoka mlangoni, maana naye alikuwepo. "Bati. Unalala na kariere nzima ya madini ndani ya nyumba."

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba bakuli la Twaibu lina madini. Mwanafunzi wangu mmoja ameniuliza kama litachimbwa.

Madamu Josiane alieleza jambo moja kwa uzuri, nami nalinukuu kwa haki. Ule utandu wa kioo unaofunika udongo wa bakuli si kioo kitupu. Ndani yake mna fuwele ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo huota kwa namna yake kulingana na moto wa tanuru, mikono ya mfinyanzi na namna chombo kilivyopoa. Bastola yake hutaja yaliyomo tu. Fuwele ndizo zitakazosema kama kipande cha Mama Mwanvua na bakuli letu ni mwili mmoja. Kwa hilo anahitaji punje moja kutoka chini ya bakuli, mkwaruzo wa ukungu wake, na kile kipande, vyote vipelekwe kwenye darubini kubwa za maabara ya kwao.

Macho yote yakamwelekea Mama Mwanvua. Hirizi ile haijatoka shingoni mwake tangu alipoirudisha mwaka ule. Aliomba wembe, akakata uzi mwenyewe.

"Ninatoa," akasema, "juu nataka wote wasikie mwisho yake. Mimi nilimuona Twaibu na kiloba ya chumvi, wakati sisi tulikuwa tunakula mboga bila chumvi. Askari hawapeane chumvi bure."

"Aliwashonea nguo, Mama," nikasema. "Cherehani ilikuwa inalia mpaka usiku. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa ninamshikia taa."

"Mutoto anashika taa, haone kila kitu."

Nikamwokotea uzi uliokatwa. Ni mkubwa wangu.

10 Oktoba, Ijumaa

Madamu Josiane alikuja wakati wa kombe. Alisimama mlangoni akatazama jinsi ninavyoandika, jinsi ninavyokamua ndimu, na muda ambao maji hukaa ndani kabla ya kunywewa. Akauliza maswali yasiyohusu zamani hata kidogo. Nani wanakunywa? Tangu lini? Malaika alianza akiwa na umri gani? Ndimu ni lazima?

Nilijibu kwa ufupi. Nimefundisha historia kwa miaka. Nawajua watu wanaokuja kutazama dini ya wenzao kama anayetazama soko.

Kabla ya kuondoka alinishika mkono. "Mama Rachida, muache kwanza kunywea mule. Mupaka nirudie. Plombu ikikaa ndani ya kioo yake haina neno. Ile ukungu njo inanisumbua. Sitaki kutisha batu mbele sijaiona vizuri."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Siku familia ya Twaibu itakapoacha kunywea bakuli lake, Mama Mwanvua hatahitaji darubini yoyote. Atasema tumekiri. Ushauri huo, ukiutazama vizuri, unamfaa nani?

14 Oktoba

Madamu Josiane ameondoka na sanduku lake, na ndani yake kipande. Constantin ndiye aliyempeleka kwenye kiwanja cha ndege kwa gari lake.

17 Oktoba, Ijumaa

Tumekunywa. Mlango wazi.

22 Oktoba

Lualaba imepanda, maji yamefika kwenye ngazi za bandari. Mitumbwi inafungwa karibu na reli.

24 Oktoba, Ijumaa

Tumekunywa. Nimehesabu waliopita mlangoni wakatazama ndani: ni wengi kuliko zamani. Wanatazama bakuli, si sisi.

29 Oktoba

Nilikwenda kwa Constantin kununua sabuni. Alikuwa mwenyewe dukani. Akaniuzia, akazungumza kuhusu mvua na bei za boti, kisha, kana kwamba limemjia tu: "Na binti yako, Malaika, bado anakunywa ile dawa Ijumaa?"

"Si dawa. Ni kombe."

"Kombe. Saa ya swala ikiisha, eh? Ninyi wote munakuwa nje, uani."

Nilirudi nyumbani bila chenji. Mfanyabiashara wa madini anataka kujua saa tunayokuwa uani na saa bakuli linaporudi kabatini. Nimelitoa bakuli kabatini nikalificha mahali ambapo sitapaandika hapa, maana mtanisikiliza ninyi nyote.

31 Oktoba, Ijumaa

Tumekunywa, kisha nikalificha upya. Hakuna habari kutoka Lubumbashi. Imamu anasema tusubiri. Anasema kwa utulivu mno. Nimeanza kujiuliza ni nani aliyemtajia yeye Imamu habari za Madamu Josiane tangu mwanzo.

6 Novemba

Mvua ya mawe. Darasani hatukusikilizana. Niliwaacha wanafunzi waandike kuhusu yale wazazi wao waliyowasimulia juu ya miaka ya vita. Wote wanajua aliyesaliti. Katika kila insha msaliti ni jirani.

14 Novemba, Ijumaa

Haya ya leo nayaandika kwa urefu, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo na kila mmoja ataisimulia kwa namna yake.

Baada ya swala Mama Mwanvua hakwenda nyumbani. Alishika njia ya stesheni, mwavuli mkononi, na watu wakamfuata. Nami nilifuata. Nasema wazi kwamba hakunivuta mtu. Tulipofika kwa Constantin tulikuwa tumejaza barabara kutoka dukani mpaka kwenye reli.

"Constantin," akaita. "Toka. Nataka jiwe yangu."

Akatoka akiwa na kalamu sikioni. "Mama Mwanvua, jiwe yako iko Lubumbashi, kwa labo, wanaipima. Wote munajua."

"Mimi sijue Lubumbashi. Najua wewe. Ile mwanamuke alilala kwako, alienda na gari yako. Wametafuta madini ndani ya hirizi ya mama yangu, wameuza."

"Kipande kama kucha, Mama? Niuze kwa nani?"

"Wewe njo unajua wanunuzi."

Watu wakaguna. Mtu nyuma yangu akasema kwamba wa Butembo wakikusalimia uhesabu vidole. Constantin alilisikia. Uso wake haukubadilika, ila aliitoa ile kalamu sikioni akaiweka mfukoni, polepole.

"Niko hapa tangu niko mutoto," akasema. "Nimezika baba yangu hapa. Kila kitu kikipotea, ni mimi. Mutaniambia siku gani nitakuwa muntu wa Kindu, nipike pilau."

Wachache wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisogea mbele, nikamuuliza kwa sauti ambayo naitumia darasani: kwa nini alitaka kujua saa tunayokuwa uani?

Akanigeukia. "Mbele ya watu wote, Mwalimu?"

"Mbele ya watu wote."

"Madamu Josiane njo alinituma. Alipiga simu. Aliniambia: ukimuona Mama Rachida, muulize pole kama mutoto bado anakunywa mule, mimi nikimuuliza hapendi. Nikakuuliza. Ukaniacha na chenji yako." Akaingia ndani, akatoka nayo, akaiweka kwenye kiganja changu.

Mvua ikaanza na watu wakatawanyika. Mama Mwanvua alibaki chini ya mwavuli wake, akinitazama. Hakuwa akimtazama Constantin.

Nimerudi nyumbani. Nimelitoa bakuli nilikolificha, nikaandika aya, nikakata ndimu. Malaika aliketi mahali pake. Tumekunywa. Kama ningeufunga ule mlango, sikujua ningewaambia nini wapitao.

21 Novemba, Ijumaa

Nimemwaga. Nimeandika aya, nimeosha, kisha nimeyamwaga maji penye mizizi ya mpapai, kama inavyotakiwa kwa maji ya aya, na nikasema tumbo linaniuma. Mlango ulikuwa wazi, na mtu mmoja alipita.

28 Novemba, Ijumaa

Madamu Josiane amerudi, kwa ndege. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaomba tukae peke yetu. Aliweka picha mezani: rangi ya kijivu, zimejaa vitone na sindano kama mchele uliomwagika na majani makavu.

"Hii ni kipande ya Mama Mwanvua. Hii ni bakuli yenu. Utazame."

Nilitazama. Alinionyesha fuwele za bati: ndizo zinazofanya weupe ule wa maziwa, na jina lake ni kasiterite, ileile ambayo wana wa mkoa wetu wa Maniema waliichimba chini ya bunduki. Katika picha zote mbili zimekusanyika kwa mafungu ya ukubwa uleule. Kisha akanionyesha mpaka wa kioo na udongo, ambapo sindano zimeota kutoka kwenye udongo kuelekea juu, urefu uleule, msongamano uleule. Alisema vyombo viwili vya tanuru moja vinaweza kukaribiana, lakini amepima pia udongo wenyewe, na chembe za mchanga wake, na yuko tayari kusema mbele ya mtu yeyote kwamba kipande na bakuli ni mwili mmoja.

"Na mudomo?" nikauliza. Nilijisikia nimesema kama baba yangu.

"Ulisagwa na jiwe. Mistari ya jiwe iko chini, ukungu umeota juu yake. Maana yake ulisagwa mbele ya kufukiwa. Papa yako alisema kweli."

Nimelisubiri neno hilo tangu nikiwa binti mdogo. Nilidhani lingeingia kwa kishindo. Niliinuka nikafunga dirisha, kwa sababu mvua ilikuwa inaingia, nikaketi tena.

"Iko ingine," akasema.

Picha ya tatu ilikuwa ya ukungu: vibamba vyeupe vimelala juu ya kila kimoja kama magamba ya samaki. Fuwele hizi, alisema, ni za plombu. Majivu, moto wa askari na maji ya mvua viliila ngozi ya kioo, vikaitoa plombu iliyokuwa imefungwa ndani, ikaota juu. Ndiyo sababu bakuli lilitoka ardhini likiwa na sura nyingine. Hilo ndilo lililomponza baba, na hilohilo ndilo linalomtetea, maana kama bakuli lingekuwa la kununuliwa sokoni, lisingekuwa na ukungu huo.

"Lakini, Mama Rachida, ukungu huu unayeyuka na ndimu, na plombu ni sumu."

Mimi ndiye niliyetaja jina la Malaika.

Kesho muuguzi atamtoa damu, na Madamu Josiane ataituma Lubumbashi kwa ndege. Hapa hakuna pa kuipima. Aliniambia kwamba mtoto anaweza kunywa miaka na asionyeshe chochote ila kusahausahau na kuumwa tumbo. Nikafikiria ripoti zake za shule, na mara ngapi nimemwambia hajitahidi.

1 Desemba

Jua kali. Barabara zimekauka.

4 Desemba

Kesho nasoma. Ninaweza kusoma picha mbili na kuiacha ya tatu. Zaidi ya Madamu Josiane, hakuna atakayejua. Jina la baba litatoka safi, bila doa. Nikiisoma ya tatu, najua litakalosemwa: kwamba binti wa Muuza Bakuli anawakataza watu wasilinywee ili siku moja alitoe liende ng'ambo. Nawajua. Nimewaandika hapa tangu Oktoba.

Lakini msikiti, ukishasikia picha mbili, utataka bakuli lake. Utalipokea kwa heshima, na wagonjwa wenu watanywea.

Imamu alisema nisipunguze.

5 Desemba, Ijumaa

Nilisoma yote. Sehemu hii haikusikiwa na mtu, maana imeandikwa baada yake. Naiandika kwa sababu shajara isiyofika mwisho wake ni uvumi mwingine tu.

Katika kusoma, nilipofika penye habari za Constantin na saa ya swala, niliinua macho. Alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio, barabarani. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akainua mkono kidogo, kama mtu anayefukuza nzi.

Nilipofika kwenye mdomo uliosagwa, Mama Mwanvua aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ndimu, sauti ikatoka nyuma, kama nilivyotazamia: "Sasa haifae kunywa, inafaa kuuza?"

Mama Mwanvua aligeuka. "Nyamaza. Ungekuwa unakunywa, ungekuwa umesahau hata kusema." Akasimama, kwa taabu. "Muzee Twaibu hakuuza," akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha, chini zaidi, hata walio nyuma hawakusikia: "Wajukuu yangu hawakunywa mule hata siku moja. Niliwakataza juu ya ile neno yangu, kama aliuza."

Madamu Josiane alimrudishia kipande chake, naye akakifunga penye pindo la kanga.

Nilitangaza kwamba bakuli halitabaki nyumbani kwangu, wala halitanywewa tena. Na kwa kuwa jamaa wanataka mlinzi asiyeweza kudanganywa, nampendekeza Mama Mwanvua. Watu walifikiri ninafanya mzaha.

"Nitaichunga," akasema yeye. "Lakini ile bibi asiende kwanza. Aipime mbele yangu, na ile bastola yake. Nijue bakuli yenye umeleta njo yenyewe."

Uwanja mzima ukacheka, na Madamu Josiane akaenda kufungua sanduku.

Nilirudi nyumbani alasiri. Majibu ya damu bado. Nilitandika mkeka, nikachukua sahani ya bati iliyopakwa rangi, mpya, ya sokoni, nikaandika aya kwa zafarani, nikaiosha kwa maji matupu. Mlango wa uani niliufunga. Malaika aliketi mahali pake, akaitazama sahani, akaigeuza kwa kidole upande huu na huu.

"Mama," akasema, "hii njo ile?"

Yale maneno mawili ya Mama Mwanvua hayakuwahi kutamkwa na mtu wa nyumba yetu.

"Haiko ile," nikamwambia. "Kunywa."